Yurea Huingia Kabla ya Maji

Tarehe 4 Machi

Kwa Daktari wangu,

Najua utasema, "Mama, sijawa daktari, nimebakiza mwaka." Na mimi nakujibu kwamba mtoto akishaanza kutambaa, jirani huambiwa anatembea. Hapa chumbani pangu pa kushonea kila mtu anakujua kwa jina hilo. Juzi kuna mzee alileta suruali ya kupunguza kiuno, mara akavua kiatu, akaninyooshea kidole gumba cha mguu, eti nikuulize kina nini. Nikamwambia, "Mzee wangu, binti yangu hashughuliki na vidole. Anashughulika na vitu vidogo ambavyo hata jicho halivioni." Akavaa kiatu chake kwa heshima na suruali akailipia papo hapo.

Sisi hatujambo. Cherehani yangu ya kukanyaga inalia kama ulivyoiacha, na goti la kulia linaisaidia kulia.

Shida yangu ni huyu Mama Vitambaa wa duka la mbele. Mpwa wake anasomea sheria, na Mama Vitambaa kila akija hapa anatuletea kesi. Kesi inaeleweka, mwanangu! Kuna mwizi, kuna hakimu, watu wanasikiliza mpaka chai inapoa. Mimi nikisema mwanangu yuko maabara, ananiuliza, "Anafanya nini humo?" Nikasema, "Protini." Akasema, "Protini si mayai na maharage? Kumbe anapika!" Wakacheka wote, na mimi nina pini sita mdomoni, hata kumjibu siwezi.

Kwa hiyo niandikie unachofanya, vizuri, tena kwa kituo. Andika kama unamwandikia mtu aliyeishia darasa la saba, maana ndiye mimi, lakini mwenye akili, maana ndiye mimi pia.

Mama yako,
Fundi


Tarehe 21 Machi

Shikamoo Mama,

Mwambie Mama Vitambaa hajakosea sana. Ninachofanya ni ndugu yake kupika.

Protini ni kama uzi mmoja mrefu uliotungwa shanga. Shanga zenyewe ni za aina ishirini. Baadhi zinapenda maji. Nyingine zina tabia ya mafuta, zinayakimbia maji. Ukiutia uzi huo majini, shanga za mafuta zinakimbilia ndani na kusongamana huko, na zile zinazopenda maji zinabaki nje. Hivyo ndivyo uzi unavyojikunja, na kila protini ina mkunjo wake. Mkunjo ndio unaofanya kazi. Ukifunguka, uzi upo wote, lakini haufai kitu. Ni kama gauni ulilolifumua: hakuna kitambaa kilichopotea, ila nani atalivaa?

Moto wa sufuria unafumua. Ndiyo maana ute wa yai unakuwa mweupe. Mimi situmii moto. Natia yurea, hiyo hiyo ya mbolea, lakini nyingi sana. Siku nyingine natia chumvi iitwayo gwanidini, ambayo ni kali kuliko yurea. Zote mbili zinafungua mkunjo bila kukata uzi hata mahali pamoja. Swali ni hili: zinaufunguaje?

Profesa wetu amefundisha miaka mingi kwamba yurea inayavuruga maji kwanza. Maji yakishavurugika hayana tena nguvu ya kuzisukumia shanga za mafuta ndani, basi yanapenya yenyewe na mkunjo unafunguka. Mimi nimeona kingine, Mama. Nimebandika rangi mbili kwenye protini yangu. Moja iko katikati kabisa, inang'aa pakiwa pakavu na kufifia ikiguswa na maji. Ya pili inanionyesha kama ncha za mkunjo zimeanza kuachana. Natia yurea, natazama. Ncha zinaachana, na rangi ya katikati bado inang'aa! Kumelegea huko ndani, na maji hayajafika. Yurea imeingia kabla ya maji. Haigombani na mtu. Inashikana na uti wa uzi, na papo hapo inakaa vizuri na shanga za mafuta, nazo zinaona hakuna haja tena ya kukumbatiana. Zikishaachiana, maji ndiyo yanaingia, na hapo hakuna wa kuyazuia.

Halafu nikiiondoa yurea polepole, karibu nusu ya protini zinarudi kwenye mkunjo wake. Nusu nyingine zinashikamana ovyo na kuganda. Hiyo nusu ndiyo itakayoninyima usingizi mwaka huu.

Profesa hajui bado. Nataka kurudia kazi yote kwanza, ndipo nimwonyeshe. Hili liwe letu wawili. Mama Vitambaa mpe habari za uzi na shanga, zinamtosha.

Mwenzangu wa meza ya jirani, tunamwita Miwani, anakuja likizo huko. Nimempa mkasi akuletee. Ni mtu mzuri. Mpokee.

Mwanao,
Kitinda


Tarehe 12 Aprili

Daktari wangu,

Mkasi umefika! Unakata bitana kama unakata hewa. Nimewakataza wote kuugusa.

Na aliyeuleta naye amefika. Alikuja na shati jeupe limekatika kifungo, na kabla hajamaliza kunisalimia nilikuwa nimeshamshonea kingine. Nilimkalisha kwenye kiti cha marehemu baba yako. Hata mjomba wako hajawahi kukaa pale, anajua mwenyewe. Alikula, akashukuru, akaosha kikombe chake kwa mkono wake. Nikamwita "mkwe" mbele za watu ili nione atafanyaje. Akatazama chini akitabasamu. Sasa wewe mbona hukuniambia? "Ni mtu mzuri," umeandika, basi. Mimi nimekuzaa, mwanangu. Tangu mdogo, ukitaka kitu ulikuwa unakisifia mara moja halafu unanyamaza.

Alikuja tena kesho yake, na chumba kilijaa, maana nilikuwa nimewaambia watu kuna mgeni kutoka maabara. Tulikuzungumzia mpaka nikasahau kuweka uzi kwenye bobini. Alikaa mikono magotini kama mwanafunzi. "Mama," ananiambia, "hebu rudia hapo." Mtu wa elimu yake, ananiambia mimi nirudie!

Mama Vitambaa amenyamaza siku hizi kama redio iliyoisha betri. Habari za mpwa wake hatuzisikii tena.

Barua yako iko salama, nimeiweka kwenye kopo la vifungo. Usiwe na wasiwasi.

Mama yako,
Fundi


Tarehe 6 Mei

Mama mpendwa,

Nilifika salama na kifungo bado kipo, kimekaza kuliko vyote. Sijasahau ulivyonipokea.

Kuna mzigo utakufikia wiki hii. Ni cherehani ya umeme. Niliona jinsi goti linavyokusumbua unapokanyaga, na moyo haukunipa. Usinishukuru. Mtoto hashukuriwi na mama yake.

Nina neno moja dogo. Ile barua uliyotusomea, naona tusimwambie Kitinda kwamba niliisikia. Unamjua alivyo na haya, na kazi yenyewe haijakamilika. Asije akadhani umemwangusha. Wewe na mimi tunampenda, basi tumwache amalize kwa amani.

Mwanao, ukinikubali,
Miwani


Tarehe 20 Mei

Mwanangu,

Keti kwanza. Umeketi? Mkwe wangu amenitumia cherehani ya umeme! Mpya, na karatasi zake. Inanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Jana nimemaliza sare za watoto wa shule ambazo ningezimaliza Alhamisi. Watu wanasimama mlangoni kutazama, na mimi siwafukuzi.

Unajua kwa nini ameituma? Kwa sababu ya goti langu. Nilidhani wewe ndiye uliyemwambia, kumbe aliniona tu nikikanyaga. Nisikilize mimi mtu mzima: mwanamume anayeliona goti la mama mkwe ataliona chozi la mke.

Mbona huandiki? Barua yangu ya Aprili hujaijibu. Au ndiyo mnapanga mambo yenu huko mnanificha? Nipeni muda, gauni la bibi harusi halishonwi kwa siku mbili.

Mama yako,
Fundi


Tarehe 9 Juni

Mama,

Ijumaa tulikuwa na kikao cha maabara. Miwani alisimama akasema ana wazo jipya. Akachora ubaoni uzi wenye shanga. Akasema yurea inaingia kabla ya maji, na kwamba katikati ya protini hulegea pakiwa bado pakavu. Akaeleza na namna ya kupima, kwa rangi mbili. Nilidhani anawaeleza kazi yangu. Nikawa nangoja alitaje jina langu, hata nikaanza kutabasamu kabla. Hakunitazama.

Profesa alisimama akazunguka ile meza. Mtu amemwambia kwamba alichofundisha miaka yote si sawa, naye amefurahi kama aliyepewa zawadi. Mimi ndiye niliyestahili kuiona furaha ile ikinijia.

Kisha Miwani akaongeza: "Na yurea ikiondolewa, zote zinarudi. Hata moja haipotei."

Hapo ndipo nilipojua. Nusu ya protini zangu zinaganda, Mama. Chupa zangu nazifungia kabatini na hakuna aliyeziona. Hakuna mtu wa maabara anayesema "hata moja haipotei." Najua anayesema hivyo. Nilipokuwa wa nne darasani uliwaambia watu nimewaacha wote nyuma, hata mmoja hakubaki mbele yangu. Ilikuwa sauti yako, inatoka kwenye mdomo wake.

Nilikuandikia liwe letu wawili. Ukaniandikia barua iko salama.

Nani alikuwa chumbani?

Na kuhusu mkwe: ndiyo. Aliniomba tuoane kabla hajasafiri. Nilimwambia nitamjibu akirudi, nikitaka wewe umwone kwanza.

Kitinda


Tarehe 23 Juni

Mwanangu,

Nimechana karatasi nyingi kabla ya hii. Nitakueleza ilivyokuwa bila kutia chumvi, na unajua kazi hiyo ilivyo ngumu kwangu.

Walikuwepo Mama Vitambaa, wale dada wawili wa saluni, mke wa fundi viatu, na yeye. Nilisema nitasoma habari za shanga peke yake. Lakini barua yako ilikuwa tamu, mwanangu. Nikifika mahali naona wamenyamaza, hata mikasi imenyamaza, na ni maneno yako ndiyo yamewanyamazisha. Nani angeacha hapo? Nikasoma yote. Hata pale uliposema liwe letu wawili nilipasoma, wakacheka, wakasema, "Basi leo sisi sote ni wawili."

Nikafika kwenye nusu.

"Nusu?" akasema Mama Vitambaa.

"Nusu," nikasema.

"Yaani amezifumua zote, zimerudi nusu? Hebu mimi niharibu nusu ya jora, uone kama mwenye mali ataniita daktari!"

Walicheka mpaka mmoja akajifuta macho. Damu ikanipanda. Nikaisogeza barua karibu na uso kama mtu aliyeruka mstari, nikasema, "Subirini, hamjaniacha nimalize. Hapa anasema: nilipofanya tena zote zilirudi, hata moja haikupotea." Mstari huo haukuwepo. Unajua haukuwepo. Na yeye, kwenye kiti cha baba yako, akasema, "Mama, hebu rudia hapo." Nikarudia, na mara ya pili ukatoka vizuri kuliko ya kwanza.

Alijua wewe unanificha posa yake, na mimi nakuficha kwamba niliwasomea watu barua yako, akapita katikati yetu bila kumgusa mtu. Aliponitumia ile cherehani aliniomba nisikuambie kwamba aliisikia barua. Nami nikanyamaza, mwanangu! Nikaona ni adabu yake. Mwezi mzima nimeshonea watu nguo kwa mashine ya kunifunga mdomo, tena nimewaita watu waje waitazame. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi fundi wa nguo sikukagua.

Nimekuumiza na nalijua. Lakini na mimi nitasema langu. Kwa nini hukuniambia amekuomba? Ulimtuma nimpime bila kuniambia ninapima nini. Mkwe nilimwita kwa kumjaribu tu; ningejua ni mposaji kweli ningemtazama kwa jicho lingine. Ningemuuliza nani kamlea, kaachana na nani, kwa nini. Nilimpokea kama mgeni, na mgeni haulizwi. Wewe nawe ulinifanya mtu wa nje.

Niambie nifanye nini. Nitafanya.

Mama yako


Tarehe 2 Julai

Mama,

Profesa amekwishaandikia kiwanda kimoja cha dawa kwamba zote zinarudi. Wamefurahi, wanataka kuona. Miwani ameambiwa arudie, na hawezi. Anasema chupa za kwanza zilimwagwa kimakosa. Nilimwambia Profesa wazo ni langu. Miwani akajibu kwa upole kwamba watu wawili wa maabara moja wanaweza kuwaza jambo moja. Profesa akasema chupa zangu hazionyeshi nani aliyetangulia, akaniuliza kama nina shahidi. Nikasema, "Mama yangu." Kuna aliyecheka.

Kikao cha mwisho ni Agosti. Isipothibitika kwamba wazo ni langu, kazi itaandikwa kwa jina lake, na mimi nitatafuta swali jipya la kusomea, mwaka wa mwisho huu.

Mwandikie Profesa. Usinisifu. Mweleze ulichosoma, nani alikuwepo, na ulichoongeza. Hicho ulichoongeza ndicho kitakachomshika, kwa sababu hakikutokea kwenye maabara yoyote. Na mtu mwingine aliyesikia aandike chini yako.

Najua ninakuomba ukaseme nini, na mbele ya nani.

Kitinda


Tarehe 15 Julai

Kwa Profesa,

Heshima yako. Mimi ni mama wa yule msichana wa rangi mbili, ambaye ndiye bora kuliko... Nimekatazwa kumsifu, basi naishia hapo.

Mimi ni fundi cherehani. Mwezi wa nne kijana wako mnayemwita Miwani alikaa nyumbani kwangu, akala chakula changu. Nilisoma barua ya binti yangu kwa sauti mbele yake na mbele ya wanawake wanne. Ndani ya barua binti yangu alieleza mambo ya yurea kuingia kabla ya maji, na rangi inayong'aa pakavu, na nyingine ya kuonyesha ncha. Aliandika kwamba wewe hujui bado na kwamba anataka kurudia kwanza. Kijana aliyasikia yote. Aliniomba nirudie, nikarudia.

Sasa nasikia kijana amekuambia kwamba yurea ikiondolewa protini zote hurudi, hata moja haipotei. Profesa, binti yangu hakuandika hivyo. Aliandika nusu. Mimi ndiye niliyesema zote. Nilisema uongo, kwa sababu walikuwa wanamcheka mwanangu, na mimi nikisikia mwanangu anachekwa ulimi hunitoka kabla ya akili. Hayo si maneno ya sayansi, ni maneno ya mama. Katika dunia nzima yalikuwa kwenye mdomo wangu tu. Kama yamefika ubaoni kwako, muulize aliyeyaandika aliyaokota wapi.

Nimesikia ulishawaandikia watu wa dawa. Nisamehe. Sikujua kama uongo wa chumba cha kushonea unaweza kusafiri mbali hivyo.

Ni mimi,
Mama wa Kitinda, fundi

*Mimi ni muuza vitambaa wa duka la mbele. Nilikuwepo na nilisikia. Leo mwenzangu amevuka barabara, amesimama dukani kwangu mbele ya wateja, amesema alitudanganya siku ile. Nimefahamiana naye miaka mingi sijapata kumsikia akisema neno kama hilo, kwa hiyo nakuambia ni kweli. Kuhusu nusu, mimi nilikuwa natania.*


Tarehe 15 Julai

Kwako uliyekaa kwenye kiti,

Cherehani yako inarudi kwa gari la mizigo, nimeifuta na mafuta nimeitia. Nimerudi kwenye ile ya kukanyaga. Goti linauma, lakini linaniuma mimi, halikuhusu wewe.

Kifungo ubaki nacho. Nilikishona kabla sijakujua.

Ulikuwa na akili ya kutosha ya kuwaza chako. Hilo ndilo linalonishangaza. Na binti yangu alikuwa anakaribia kusema ndiyo. Ungengoja kidogo, ungepewa zaidi ya ulichoiba.

Usiniite mama.

Fundi


Tarehe 19 Agosti

Mama,

Barua yako ilisomwa kwenye kikao. Profesa aliisoma mwenyewe, pamoja na maneno ya Mama Vitambaa. Hakuna aliyecheka. Alipofika kwenye "maneno ya mama" alivua kofia yake akaiweka mezani, kisha akamuuliza Miwani aliyaokota wapi. Mchana Miwani alikusanya vitu vyake. Hatukuagana.

Kazi ni yangu, na jina langu ni la kwanza. Kiwanda kimeambiwa ukweli. Nusu bado ni nusu.

Asante. Najua ulivuka barabara.

Lakini lazima nikuambie hili. Watu wanadhani nimelia kwa ajili ya Miwani. Kwake nililia siku mbili zikaisha. Mimi nilikuwa na mtu mmoja wa kumwambia jambo kabla halijawa la watu, kabla hata sijaamini mwenyewe. Siku niliyoona ile rangi bado inang'aa, sikumkimbilia Profesa wala Miwani. Nilichukua kalamu nikakuandikia. Mtu huyo sina tena. Hukufanya kwa ubaya, najua. Ila kujua hakunirudishii.

Kwa sasa nitakuwa nakuandikia hali yangu tu. Usinilazimishe zaidi.

Kitinda


Tarehe 25 Septemba

Mama,

Hali yangu nzuri. Kazi inaendelea. Huku mvua zimeanza. Natumai hujambo.

Kitinda


Tarehe 8 Oktoba

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Nimeigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi, nikaigeuza tena. Ni barua safi, haina kosa lolote. Nimeizunguka yote sikupata mahali pa kukaa.

Sikulaumu. Nilitaka nikuandikie maneno mengi ya kukurudisha, kisha nikajiuliza kama ningekuwa nayaandika kwa ajili yako au kwa ajili yangu. Nimeyaacha. Ukitaka kuandika mvua, andika mvua. Nitataka kujua ilinyesha kwa muda gani.

Jana alikuja mteja mgeni, mama wa makamo, analeta koti la kubadilisha bitana. Nilipokuwa nampima mabega akaiona picha yako ukutani.

"Huyu msichana nani?"

"Binti yangu."

"Mzuri. Anafanya nini?"

Chumba chote kikanigeukia. Wale dada wa saluni waliacha maneno yao katikati. Mama Vitambaa alikuwa amekuja na sampuli, akaziweka chini, akakunja mikono kungoja. Walikuwa wananipa nafasi, mwanangu. Baada ya yote yaliyopita walikuwa tayari kunisikiliza tena, na hakuna ambaye angecheka. Ulimi ulikuwa unaniwasha mpaka kooni. Nayajua yote: uzi, shanga, pakavu, maji. Nayajua kwa mpangilio wake, na jina lako mbele.

Nikasema, "Akija, mtamuuliza mwenyewe."

Nikaandika kipimo cha bega. Sikuongeza neno.

Mama yako